Hatukuiuliza Bodi Itakufaje

Vuta kiti, ndugu yangu, maana hata kama unasoma kwa macho mimi nitakusimulia kama mtu aliyeketi mbele yangu. Yamo mambo mawili matatu ya ufundi humu, na sitaki yakutishe. Nitayaeleza polepole, na ukipotea rudi nyuma kidogo, hakuna atakayekucheka. Kilichonifanya niandike ni msiba. Mhandisi Telesphori, mkuu wangu wa kwanza wa kazi, amezikwa kwao Ushirombo, nami nilikwenda kumzika. Baada ya maziko tulikaa mikekani tukila wali na maharage, na mzee mmoja mwembamba akawa anapita akisalimia waombolezaji. Kila aliyemfikia alimnyooshea kifundo cha mkono wa kulia, kama afanyavyo mtu aliyekuwa akila na hataki kukuchafua kwa mchuzi, na watu wakakishika kifundo bila kufikiri. Alipofika kwangu nami nikakishika. Mbele ya kile kifundo hapakuwa na kiganja. "Ng'wadila, mayo Kabula," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama, "umenisahau?" Sahani ilinitoka mapajani. Alikuwa Shija, mwendesha mashine wa kiwanda chetu cha pamba, na sikuwa nimemwona tangu ujana wetu. Nyuma yangu wanawake wawili walinong'ona, mmoja akisema, "Si ndiye yule wanayesema marehemu alimkata mkono?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, mjane anasikia." "Basi kaja kufanya nini?" "Kaja kuzika, mwanamke wewe, kwani wewe umekuja kufanya nini?"

Nilirudi nyumbani Shinyanga nikiwa bado nimeshika kile kifundo, maana hisia yake haikunitoka kiganjani. Na kila nilipolala ulinijia mwaka ule mmoja, katikati ya miaka ya themanini, nilipokuwa fundi msichana nimetoka tu chuoni na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa reli. Upande mmoja wakulima walileta pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyochumwa shambani. Upande wa pili zilitoka pamba nyuzi zilizokandamizwa kuwa marobota. Kati ya pande hizo mbili ilikuwako safu ya mashine zenye misumeno ya duara, mingi, imepangwa kwenye mhimili mmoja kama sahani kwenye kabati, ikinyofoa nyuzi kwenye mbegu. Ukiingia mle ndani hata kope zako zilikuwa nyeupe. Pamba ilielea hewani, ilikaa kwenye nywele, kwenye chai, kwenye uzi wa kiatu. Watu wa pale waliitumia kwa kila kitu. Ufa wa dirisha ulizibwa kwa pamba, sikio likiuma pamba, mlango ukigonga pamba, redio ikitikisika ndani ya kasha lake, pamba.

Chumba kimoja tu hakikuwa na pamba. Kilikuwa mwisho wa ofisi, zamani stoo ya sampuli, na ndani yake kilikuwamo kiyoyozi pekee cha kiwanda na kompyuta iliyoingia nchini kwa kibali maalumu. Uliacha viatu mlangoni. Mama wa masjala alihifadhi humo soda zake, na madereva walikuwa na tabia ya kuja kuuliza jambo lisilo na maana ili wapate ubaridi kidogo. Mhandisi Telesphori alikuwa mtu mrefu, mpole, Mkatoliki wa kusali kabla ya kufungua bisibisi. Alikuwa amesoma ng'ambo, na kutoka huko alirudi na diski chache zenye programu ambayo sikuwahi kusikia kwamba ipo duniani. Siku yangu ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, aliniketisha na kunieleza, nami nakueleza wewe kama alivyonieleza. Ndani ya redio au mashine yoyote ya umeme kuna bodi, kibao chembamba chenye njia za shaba, na juu ya njia hizo vimekaa vijidude vingi. Kila kijidude kina uhai wake. Joto linaufupisha, mzigo mkubwa wa umeme unaufupisha, mtikisiko unaufupisha. Programu ile uliichorea bodi yako kabla hujaitengeneza, ukaiambia umeweka kijidude gani wapi, kitabeba umeme kiasi gani, na mahali penyewe pana joto gani. Ikakaa kimya ikitafakari, kisha ikakuambia bodi hiyo inatarajiwa kuishi muda gani, na kijidude kipi kitatangulia kufa.

Habari hizo zilipofika kwenye mashine, kiwanda kizima kilicheka. Tulikuwa tukila pamoja mchana, chini ya paa la bati la kantini, ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na siku njema maziwa mgando. Shija alikuwa ndiye mwenye meza. Alikuwa kijana wa mikono mikubwa na mdomo mwepesi. "Mhandisi," alisema siku hiyo huku akikata tonge, "sisi kwetu anayejua siku ya mtu kufa tunamwita mfumu, mganga, na hakai kwenye kiyoyozi." Mhandisi akacheka. "Hii haijui watu, Shija. Inajua bodi tu." "Basi iulize bodi ya mama mkwe wangu. Maana kila mwaka anasema anaondoka, na kila mwaka yuko." Hata Mama wa masjala, aliyekuwa mlokole asiyecheka hovyo, alilazimika kugeukia ukutani.

Kwa nini tulihitaji bodi? Kwa sababu mitambo yetu ilikuwa mikongwe, na umeme wa miaka ile ulikwenda na kurudi upendavyo. Ukikatika, pamba ilikwama kwenye misumeno, na waendeshaji walifungua milango ya mashine kuichomoa kwa mikono. Umeme uliporudi, misumeno ilianza kuzunguka yenyewe. Swichi kuu ilikuwa jengo jingine, imefungiwa, na ufunguo anao mtu ambaye aghalabu alikuwa kwenye chai. Zamani kila mashine ilikuwa na bodi ya ulinzi kutoka nje, ambayo mlango ukiwa wazi ilizuia msumeno usipate umeme. Zilikufa moja moja, na za kununua nyingine hazikupatikana kwa kukosa fedha za kigeni. Mhandisi aliamua tutengeneze zetu. Tulichora, tukaipa programu, ikatuambia kijidude fulani kitakuwa dhaifu, tukakibadilisha kwa kikubwa zaidi, tukaipa tena. Joto tuliloiambia lilikuwa la kweli, la banda lile wakati wa adhuhuri, wala hatukudanganya. Mwishowe ikasema bodi yetu itaishi miaka mingi kuliko mashine yenyewe. Nakumbuka Mhandisi alitoka nje ya chumba kile bila viatu kwa furaha.

Tulifunga ya kwanza kwenye mashine ya Shija, ndani ya kasha la chuma lenye matundu ubavuni. Mhandisi akawakusanya waendeshaji wote. Akafungua mlango wa mashine, akaamuru umeme uwashwe, na misumeno ikabaki imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Watu wakapiga makofi. "Mlango ukiwa wazi, msumeno hauzunguki," akawaambia. "Ila mnisaidie jambo moja. Bodi ina adui, na adui yake ni vumbi. Itunzeni." Shija akamwitikia kwa Kisukuma, "Wabeja, Mhandisi," yaani ahsante, kisha akaligeukia kasha akalipigapiga kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni. "Huyu ni wangu," akasema. "Atakayemchafua atanitambua."

Sasa nafika mahali ambapo mpaka leo kalamu inasita. Ilikuwa katikati ya msimu, malori yamepanga foleni hadi barabara ya Kolandoto. Umeme ulikatika asubuhi, kimya kikaanguka, ukasikia hata njiwa kwenye mabati. Mimi na Mhandisi tulikuwa meza ya ufundi. Nilimsikia Shija akiimba kidogo, na kumtania kijana wa mashine jirani kwamba mkewe amempikia uji badala ya ugali. Alikuwa amefungua mlango na mkono wake wa kulia uko ndani, anachomoa pamba. Umeme ukarudi. Nilisikia mashine zikiunguruma, na ya Shija, iliyopaswa kulala, ikiwa kati yake, nikajua kabla sijageuka. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kupita yote. Alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake kwa mshangao mtupu, na pamba iliyotoka upande wa pili ilikuwa nyekundu. "Lakini mlango uko wazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Mhandisi, mlango si uko wazi?"

Walipomwondoa kwa lori kumpeleka hospitali, Meneja alifika. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye kuogopa sana barua kutoka mkoani. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba Shija amefunga kwa waya swichi ya mlango, ile inayoijulisha bodi kwamba mlango uko wazi, ili afanye kazi haraka. Tukatazama swichi, haikuwa na waya wowote. Mhandisi akafungua kasha la bodi, nasi tuliosimama pale tukashtuka kwa pamoja. Bodi haikuonekana. Kasha lilikuwa limejaa pamba, safi, nyeupe, daraja la kwanza, imeshindiliwa kwa ustadi kila pembe, na matundu ya ubavuni yamezibwa vizuri kwa ndani. Meneja akavuta pumzi kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Nani mwenye mashine hii? Shija. Basi hii ni hujuma." Kama hukuishi miaka ile, nikueleze kwamba neno hujuma halikuwa neno la kutania. Mtu aliyeitwa mhujumu alifukuzwa, akachukuliwa, na watoto wake walinyooshewa kidole shuleni. Kikao kingekaa wiki ile ile. Shija alikuwa amepoteza mkono, na sasa angepoteza kazi, na jina, na pengine uhuru wake pia.

Mhandisi alinichukua twende wodini. Mkewe Shija, Mama Holo, alikuwa ameketi chini kando ya kitanda akimenya viazi vitamu ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu navyo, akatupisha. Shija alikuwa macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alipomwona Mhandisi akajaribu kuinuka, akasema, "Nisamehe, Mhandisi. Wananiambia nimeiua bodi yako." Mhandisi akaketi ukingoni mwa kitanda. Shija akaendelea kueleza kwa haraka, kama mtoto anayeogopa kukatizwa: matundu ya kasha yalikuwa yanaingiza vumbi, aliliona kwa macho yake, na sisi tulisema vumbi ni adui. Akachagua pamba nyuzi safi, si ya sakafuni, akaziba. Kila Jumamosi aliitoa akaweka mpya. "Mashine za wenzangu hazina bodi, mimi ninayo, ningeachaje kuitunza?" Mama Holo akasema polepole bila kuinua kichwa, "Nyumbani alikuwa anaizungumzia kama amezaa." Mhandisi akatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta wa wodi, paji la uso kwenye chokaa, na alipogeuka alikuwa na doa jeupe ambalo sikuthubutu kumwambia alipanguse.

Tulirudi moja kwa moja kwenye chumba cha baridi. Tulikuwa na bodi ya pili, ya akiba. Tuliiweka kwenye kasha bandani, tukashindilia pamba kama Shija, tukaiwasha, tukaingiza kipimajoto. Sikuamini kiliposimama. Pamba ni blanketi, ndugu yangu. Inazuia vumbi lisiingie na inazuia joto lisitoke. Nikachapa joto lile jipya kwenye programu. Ikatafakari, kisha ikajibu bila aibu wala lawama kwamba bodi ile ile iliyoahidiwa miaka ingekufa katika wiki chache, na wa kutangulia angekuwa transista ya mwisho, kile kijidude kinachofanya kazi ya bawabu: kinaruhusu umeme uende kwa msumeno au kinauzuia. Programu haikuwa imetudanganya. Iliulizwa swali, ikajibu swali. Hakuna aliyeiambia kwamba katika kiwanda cha pamba mtu akipenda kitu hukifunika pamba.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingeandika. Mhandisi alikuwa ameing'oa transista iliyokufa, akaipima kwa mita, akaipima tena, kisha akaiweka mezani. "Kabula," akaniita, "njoo uone." Nikaona. Bawabu anaweza kufa kwa namna mbili. Anaweza kufa ameanguka mlangoni, mlango umefungwa, hapiti mtu. Hapo mashine ingegoma kuwaka, Shija angetukana kidogo, sisi tungeibadilisha, tukaenda kula. Au anaweza kufa huku ameuacha mlango wazi, kila kitu kinapita. Yetu ilikufa ikiwa wazi. Na kwa kuwa mashine ilizunguka kama kawaida siku zote mlango ukiwa umefungwa, hakuna aliyejua kwamba mlinzi ameshakufa. Mhandisi alisema kwa sauti ndogo, "Tuliiuliza bodi itakufa lini. Hatukuiuliza itakufaje." Kisha akasema lile lililonigandisha. "Hata bila pamba ingekufa siku moja. Ingechelewa, lakini ingekufa, na ingeweza kufa hivi hivi, na mtu mwingine angekuwa ameingiza mkono."

Asubuhi ya kikao tulikunywa chai ya rangi ofisini kwa Meneja, kisha yeye na Mhandisi wakaingia chumba cha ndani, na mlango haukufungwa vizuri. Niliwasikia. "Mhandisi, una watoto," Meneja alikuwa akisema. "Pamba imekutwa ndani, kila mtu ameiona. Sababu hiyo inatosha. Kwa nini unataka kuongeza nyingine?" "Kwa sababu ndiyo ya kweli." "Ya kweli ni ile iliyoonekana. Huyo Shija akiondoka, wewe unabaki, kompyuta inabaki, kiwanda kinabaki. Wewe ukiondoka nani anabaki? Huyu binti?" Sikusikia jibu. Nakiri niliomba moyoni Mhandisi akubali, maana nilimpenda kama kaka mkubwa na nilijua watamfanyia nini.

Hakukubali. Mbele ya wajumbe wote, wakiwamo waendeshaji wawili waliochaguliwa na wenzao, aliweka transista juu ya kitambaa cha meza, kitu kidogo kama punje ya mhindi, akawaeleza kama ninavyokueleza wewe. Akaeleza blanketi. Akaeleza bawabu. "Pamba iliharakisha," alisema, "na pamba hiyo iliwekwa na mtu aliyetii maneno yangu. Nilimwambia adui ni vumbi. Sikumwambia adui mkubwa ni joto, wala sikuacha nafasi ya bodi kufa bila kumdhuru. Niliwaambia mlango ukiwa wazi msumeno hauzunguki. Nilisema hivyo nikiwa na uhakika, na Shija akaingiza mkono kwa uhakika wangu. Neno hujuma liondoeni. Mkono wa Shija umekatwa na mchoro wangu." Mwendeshaji mmoja, mzee wa Kishapu, akasema: "Mimi tangu nizaliwe sijamsikia mkubwa akisema hivyo." Wala hakusema kwa kusifu. Alikuwa ameshtuka, kama sisi sote, na nadhani aliogopa kidogo.

Shija hakuitwa mhujumu. Alirudi baada ya kupona akawekwa mizani ya getini, akijifunza kuandika kwa kushoto, na kwa muda mrefu alipanga herufi kama fito za boma. Mhandisi alihamishwa kabla msimu haujaisha, na kompyuta ilifuatwa na gari la mkoani. Lakini kabla hajaondoka tulichora bodi upya, mimi naye. Safari hii tuliweka mabawabu wawili waliofuatana, mmoja akifa wazi wa pili anafunga, na taa ya kusema kwamba mmoja amekufa. Kila kijidude tulikiuliza maswali mawili badala ya moja. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimetumia programu ambazo zile diski zake zingeonekana mbele yake kama manati, na nimewafundisha vijana wenye akili kunizidi. Bado huwa naona wakishangilia miaka waliyoahidiwa na kompyuta. Huwa nawapongeza kwanza, maana kazi nzuri ni kazi nzuri. Kisha nawauliza, ikifa inafanya nini, na nani amesimama karibu.

Kule msibani nilimuuliza Shija kile ambacho wanawake waliulizana, kwamba amekuja kufanya nini. Alitafuna wali wake taratibu. "Alikuja kuniona kila mwaka," akasema. "Nilimwambia asije, mbali. Akawa anakuja. Sasa na mimi nimekuja." Kisha akasema kwamba jambo moja bado linamsumbua, si mkono, mkono ameuzoea. Ni kwamba wajukuu zake wana mashine ya umeme ya kusaga nyama dukani, yenye kifuniko cha ulinzi, na wanaingiza vidole kwa sababu kifuniko kikifunguliwa inazima. "Nawaambia hawanisikii, mayo. Wanasema babu, hizi ni za kisasa. Wewe umesoma, waandikie."

Basi nawaandikia wao, na wewe pia uliyevuta kiti. Iwe mashine ya kusaga nyama, blenda, cherehani ya umeme au msumeno wa fundi, usitegemee kifuniko, wala taa iliyozimika, wala kimya chake, wala umeme uliokatika. Chomoa waya ukutani kwanza, uiweke plagi mahali unapoiona, ndipo uingize mkono.